Hapa, Moja, Mbili

Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika majina matatu kwenye karatasi, akayapigia mstari kwa rula, akaipeleka karatasi ofisini kabla kengele ya mapumziko haijalia. Karatasi ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto iliandikwa "Jina" na ya kulia "Sababu". Mbele ya kila jina, upande wa sababu, aliandika maneno yaleyale: hajui hesabu.

Watoto hao watatu walikuwa na wiki tatu. Baada ya hapo mwalimu mkuu angewaita mmoja mmoja awape maswali kumi, na ambaye angepata chini ya sita angerudishwa chekechea, kwenye jengo la pili lenye viti vifupi na picha za wanyama ukutani. Jina la tatu lilikuwa la msichana wa miaka saba ambaye hata shuleni aliitwa kwa jina la nyumbani, Pindo. Alikuwa mrefu kuliko darasa zima. Kwenye viti vile magoti yangemfika kidevuni.

Mwalimu hakumwandika kwa chuki, na wala hakumwandika bila ushahidi. Daftari la Pindo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kulisoma: mbili kwa kumi, tatu kwa kumi, mbili kwa kumi, na mikasi myekundu, alama za kukosa, ukurasa mzima. Na kama daftari halikutosha, kulikuwa na mambo ya asubuhi hiyohiyo.

"Pindo, niletee chaki nne kabatini."

Pindo alikwenda, akarudi, akaziweka mezani. Zilikuwa tano.

"Nimesema ngapi?"

"Nne."

"Na hizi ni ngapi?"

Pindo aliziangalia chaki, akamwangalia mwalimu usoni, akarudi kwenye chaki. "Nne," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba jibu halitapokelewa.

"Tano hizo!" akapaza sauti mvulana wa dawati la mbele, ambaye kwa kutofunga mdomo wenzake walimpa jina la Kasuku. "Hata mdogo wangu anajua, na bado ananyonya!"

Darasa likaangua kicheko. Pindo hakulia. Alirudi kwenye dawati lake, akakaa juu ya mikono yake miwili kana kwamba ndiyo iliyomponza.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi. Alisoma karatasi yote, ingawa haikuwa na mengi ya kusoma.

"Hajui hesabu," akasema. "Hajui nini?"

"Hesabu, Mwalimu Mkuu."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza, ndani ya hesabu, hajui nini? Ukienda kwa daktari akaandika 'anaumwa' halafu akaishia hapo, utapewa dawa gani?"

"Watoto wangu ni hamsini na wawili."

"Kwenye karatasi hii ni watatu." Akamrudishia. "Nijazie hiyo safu vizuri, ndipo nitaipokea. Tarehe ya maswali haibadiliki."

Mwalimu alitoka amekasirika. Alipofika ukumbini alitambua kwamba kilichomkasirisha ni kuwa mwalimu mkuu alikuwa na haki.

Mchana, watoto walipokwisha kuondoka, alianza na daftari la Pindo. Tatizo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Kwa miezi miwili alikuwa akipiga mkasi juu ya jibu, si pembeni yake, na mkasi ulikuwa mnene. Ilibidi ainue ukurasa dirishani ili aone mtoto aliandika nini. Akachukua karatasi safi, akayanakili majibu yote ya makosa, moja baada ya jingine, bila kuyasahihisha.

Picha za kuhesabu: samaki sita, kaandika 5. Nyota nane, kaandika 7. Vikombe vinne, kaandika 3.

Kujumlisha: 3 na 4, kaandika 8. 2 na 2, kaandika 5. 5 na 1, kaandika 7.

Kutoa: 7 toa 2, kaandika 4.

Yale machache aliyopata yalikuwa ya aina moja. "Andika namba inayofuata." "Zungushia iliyo kubwa." Hayo hakuwahi kukosa hata moja.

Mwalimu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Mtoto anayebahatisha hukosa huku na kule. Leo anazidisha tatu, kesho anapunguza nne. Huyu alikosa kwa moja, kila mara, bila kuchoka. Akihesabu picha, inapungua moja. Akijumlisha, inazidi moja. Akitoa, inapungua tena. Kwa kuwa ile moja iliyumba hivyo, mara juu mara chini, mwalimu hakuwahi kuiona. Na kwa kweli hakuwahi kuitafuta.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimbakisha Pindo darasani na mfuko wa vizibo vya soda.

"Leo sisahihishi," akamwambia. "Nataka kuona tu."

Pindo aliutazama mfuko kama mtu anayeoneshwa sindano ya daktari. Mwalimu akapanga vizibo sita kwa mstari.

"Ni vingapi?"

"Vitano," akasema Pindo, na macho yake hayakuwa kwenye vizibo bali kwenye nyusi za mwalimu. Nyusi lazima zilisogea, kwa sababu hapohapo akaongeza, "Sita? Vinne?"

Mwalimu akageuza kiti akakaa ubavu kwa ubavu naye, ili uso wake usiwe na la kusema. "Hesabu tena, kwa sauti. Mimi nitaangalia kidole tu."

Kidole cha Pindo kikagusa kizibo cha kwanza. Mdomo haukusema kitu. Kikagusa cha pili: "Moja." Cha tatu: "Mbili." Kikaenda hivyo, kwa utulivu na bila kuruka kizibo, mpaka cha mwisho: "Tano."

Miezi miwili mwalimu alikuwa ameuona mguso ule wa kwanza usio na sauti, akaudhani ni kusitasita.

"Hiki umekigusa lakini hukukitaja," akasema.

"Hicho ni hapa."

"Hapa nini?"

"Hapa tu. Ndipo unapoanzia."

"Nipangie vizibo vitatu."

Pindo akapanga vinne.

"Sasa vinne, upande huu."

Akapanga vitano. Mwalimu hakuhitaji kuendelea, lakini alimwacha amalize, maana kuna tofauti kati ya kudhani na kuona. Pindo akasogeza makundi yote mawili pamoja, vizibo tisa, akagusa cha kwanza kimya, akahesabu vilivyobaki. "Nane." Tatu na nne, nane. Kila hatua ilifuata kanuni, na kanuni ilikuwa moja.

"Nani kakufundisha kuanza hivyo?"

Pindo akautazama mlango.

"Sina ugomvi naye. Nataka kujua tu."

"Hakuna mtu," akasema Pindo, akaanza kurudisha vizibo mfukoni kimoja kimoja.

Mwalimu alifanya lile ambalo mwalimu yeyote angefanya: alimwambia aanze na moja kwenye kitu cha kwanza. Pindo alikuwa mtiifu. Alianza hivyo siku ile, akapata sita, akapata nane. Asubuhi iliyofuata alikuwa amerudi kulekule. Mwalimu akamrekebisha tena. Siku ya tatu ikawa vilevile, na ya nne. Kila mchana Pindo aliondoka na njia ya shule, na kila asubuhi alirudi na ile nyingine. Kwa hiyo jibu lilikuwa mahali fulani kati ya mchana na asubuhi.

"Ukitoka shule unakwenda wapi?" akamuuliza siku ya tano.

"Kwa babu. Mama anafua mashuka ya hospitali, anarudi jioni."

"Babu anafanya kazi gani?"

Pindo alifikiri kama swali hilo lina mtego. "Fundi cherehani," akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao uliofunguka nusunusu. Ndani kulikuwa na cherehani mbili. Moja ilifanya kazi. Nyingine, ambayo ilikufa zamani, ilikuwa meza ya kuwekea bobini, nyembe na makopo ya vifungo. Pasi ilisimama kwenye kipande cha bati, na sare za shule zilining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni.

"Shikamoo, Fundi."

Mzee akatoa pini. "Marahaba. Karibu, karibu. Kama umefuata sare, ni Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii inayokuja. Au inayofuata. Tusiandikiane mkataba kwa ajili ya sketi."

Chini ya meza kitu kikatikisika. Pindo alikuwa kule na sumaku mkononi, akikusanya pini zilizoanguka. Alipoviona viatu vya mwalimu aliganda.

"Babu," akasema taratibu, "huyo ndiye mwalimu wangu."

"Ee! Mwalimu mwenyewe!" Fundi akapangusa kiti kwa kiganja. "Kaa, kaa, Mwalimu. Nipe dakika mbili nimalize shati hili, mwenyewe yuko njiani na ana mdomo. Kisha tutaongea."

Mwalimu akakaa. Fundi akalaza shati mezani, akachukua chaki bapa ya kushonea, na kipande cha kadibodi kilichokatwa urefu wa vidole vinne. Akatia nukta karibu na kola.

"Hapa," akasema peke yake.

Akaweka ncha ya kadibodi kwenye nukta, akatia nukta nyingine kwenye ncha ya chini. "Moja." Akaishusha kadibodi. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Akanyoosha mgongo. "Pindo, leta tano, vile vyeupe."

Pindo alitoka chini ya meza, akafungua kopo, kidole chake kikatembea, akaja na kiganja kilichofumba. Fundi akaweka kifungo kimoja juu ya kila nukta, kuanzia kola mpaka chini. Hakuna nukta iliyobaki wazi, na hakuna kifungo kilichobaki mkononi. Nukta zilikuwa sita. Vifungo vilikuwa sita.

"Umeona, Mwalimu?" Fundi hakujaribu kuficha majivuno. "Fundi mdogo huyu. Tangu aanze kunisaidia, hajawahi kunipunguzia kifungo wala kunizidishia. Nimekuwa na wanafunzi wenye ndevu hapa, walikuwa wakinirudisha kwenye kopo mara tatu."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kuongea na mzee asiyejua kuhesabu. Sasa alimwona mtu ambaye kwa kila shati alihesabu nafasi kati ya kifungo na kifungo, na nafasi alizihesabu sawasawa.

Alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuzungusha. Orodha. Wiki mbili zilizobaki. Maswali kumi. Viti vifupi. Chaki tano badala ya nne. Fundi mwanzoni alicheka. "Huyu? Hajui hesabu? Huyu?" Kisha hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika futi yake kwa mikono miwili.

"Mimi nilifundishwa hivyo na aliyenipa kazi hii," akasema. "Cha kwanza unakiweka, hukihesabu. Unahesabu mwendo wa kutoka hapo. Miaka arobaini."

"Na kwa shati ni sahihi."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemrudisha mtoto chekechea."

"Sijasema hivyo, Fundi."

"Umesema kwa heshima, lakini umesema." Alilikunja lile shati ambalo halijakamilika, akalikunjua, akalikunja tena. "Basi. Kuanzia kesho asije hapa. Atakaa kwa jirani mpaka mama yake arudi. Akisoma atakuwa na vifungo vya kumtosha. Asipofunzwa na mimi, atafunzwa vizuri."

Pindo aliweka sumaku mezani. Alichukua mkoba wake wa shule, akauvaa mabegani, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akaenda kusimama karibu na goti la mzee.

"Babu, mimi sikukutaja," akasema. "Aliniuliza nikasema hakuna mtu."

Fundi akaangalia pembeni, upande wa cherehani iliyokufa. Mwalimu naye alijikuta akihesabu sare kwenye waya, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

"Fundi," akasema mwalimu. "Shati hili limekosewa?"

"Halijakosewa."

"Basi mtoto naye hajakosea. Analijibu swali lako ndani ya darasa langu, basi. Ukimwondoa hapa atajua ametenda kosa, na bado hatajua ni lipi. Mimi nahitaji ajue kitu kimoja: tunahesabu nini. Wewe unacho cha kumwonesha, mimi nina vizibo tu."

Fundi alifikiri. Kisha akavuta kitambaa kutoka kwenye rundo la mabaki, akakata utepe wa upana wa vidole viwili, akapiga nukta sita, akashona vifungo sita vikubwa vya koti, vyekundu, kwa mkono, kila kimoja kwa mipito minne ya uzi. Mwenye shati alikuja, akaambiwa asubiri nje, akasubiri.

"Vua mkoba, we," fundi akamwambia mjukuu wake. "Unakwenda wapi kwani? Njoo. Hivi ni vifungo. Kila kimoja ni mgeni wetu, kila kimoja kinasalimiwa. Gusa, taja."

Pindo akagusa cha kwanza. Akasita. Akamtazama babu yake, si usoni bali mkononi, na mkono wa mzee ukampa ishara ya kuendelea.

"Moja," akasema. Akafika mwisho. "Sita."

"Sasa nafasi. Hapa huanzi kwa kugusa. Unateleza, kutoka kifungo mpaka kifungo."

Kidole kikateleza juu ya kitambaa. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Pindo akarudia, kana kwamba kuna aliyeiba. "Vifungo sita. Nafasi tano."

"Mbona nafasi zimepungua?" mwalimu akauliza.

Pindo aliweka kidole kwenye kifungo cha mwisho, akakitelezesha kidole mbele kidogo, kikaangukia nje ya utepe, hewani.

"Hiki cha mwisho hakina pa kwenda," akasema.

Mwalimu aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari lake neno kwa neno.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa za kupanda tu. Siku ya kwanza Pindo alipata saba kwa kumi. Siku ya pili alipata manne. Akiwa na utepe mkononi hakukosea. Akiuacha kwenye mkoba, kidole kilikumbuka njia yake ya zamani, hasa akiharakishwa. Mwalimu aliandika kila kitu: saa, aina ya swali, jibu. Aligundua kwamba mchana Pindo hukosea zaidi kuliko asubuhi, na kwamba akikosea mara mbili mfululizo huacha kuangalia vitu na kuanza kusoma nyuso. Basi akiona amekosea mara moja, alimpa swali la namba inayofuata, ambalo hakuwahi kukosa, ndipo wakaendelea.

Siku ya sita Pindo alijitafutia dawa mwenyewe. Kabla ya kuhesabu alikiokota kizibo cha kwanza, akakifumba kwenye mkono wa kushoto.

"Kwa nini unakichukua?"

"Ili kisikae kikawa hapa." Akakifumbua. "Moja," akakiambia.

Siku hiyohiyo mwalimu alichora mstari ubaoni, wenye namba kuanzia sifuri hadi kumi, na chura. Somo hilo alikwisha kulifundisha mwanzoni mwa muhula na matokeo yalikuwa ya aibu.

"Chura amekaa kwenye tatu. Akiruka mara nne, anafika wapi?"

"Sita!" Kasuku akadakia, na nusu ya darasa ikamfuata. "Sita, Mwalimu!"

Pindo alikuwa amenyoosha mkono nusu, usawa wa sikio.

"Pindo?"

"Saba."

"Kabahatisha huyo!" akasema Kasuku.

"Njoo uoneshe, basi," mwalimu akamwambia Kasuku. Akaja, akaweka kidole kwenye tatu. "Moja, mbili, tatu, nne. Sita. Si mnaona?"

Mwalimu akamgeukia Pindo. Hakumsaidia hata kwa nyusi.

"Umehesabu na alipokaa," Pindo akasema. "Kukaa siyo kuruka."

Kasuku alikitazama kidole chake, akamtazama chura. Akarudia kwa kunong'ona, akafika saba. "Kumbe," akasema. Lilikuwa neno lake fupi kuliko yote tangu muhula uanze. Mapumziko yalipofika alikwenda kumwomba Pindo amwoneshe utepe wake, akakataliwa, akaomba tena, akakubaliwa kwa sharti la kunawa mikono.

Siku ya maswali mwalimu aliruhusiwa kukaa ofisini, nyuma, na kutosema kitu. Pindo aliacha utepe nje, juu ya mkoba, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Miguu yake ilifika chini kwenye kiti cha wakubwa.

Mwalimu mkuu hakuwa mkali, lakini hakuwa na haraka ya kumfurahisha mtu. Aliuliza, akasubiri, akaandika. Namba inayofuata: amepata. Ipi kubwa: amepata. Picha ya ndege saba: amepata, baada ya kuhesabu mara mbili. Kujumlisha mara mbili, kwa njiti: ya kwanza amepata, ya pili amekosa. Kutoa mara mbili: amekosa zote. Baada ya kosa la tatu mfululizo mwalimu alimwona Pindo akiinua macho kutoka mezani na kuanza kuusoma uso wa mwalimu mkuu, ambao nyuma ya miwani ile haukuandikwa kitu. Swali la nane lilikuwa la chura. Amepata. La tisa lilikuwa la kusoma saa, ambalo hakuna aliyemfundisha. Amekosa.

Matano kwa tisa. Mwalimu hakuhitaji kuona karatasi ili alijue hilo.

Mwalimu mkuu alifungua droo, akatoa penseli, akazipanga mezani kwa mstari, zikiwa zimeachana.

"Hizi ni ngapi?"

Kidole cha Pindo kikagusa penseli ya kwanza. Kimya. Kikabaki pale. Mwalimu aliibana kalamu yake mpaka kifuniko kikapasuka, na hakusikia.

Kidole hakikusonga. Pindo aliinua kichwa.

"Unataka penseli au nafasi?" akauliza.

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Kwani kuna tofauti?"

"Penseli tano. Nafasi nne."

"Kwa nini nafasi zipungue?"

"Ya mwisho haina pa kwenda," akasema Pindo, na akaisogeza kidogo ukingoni mwa meza ili aone.

Mwalimu mkuu aliitazama penseli ile iliyoning'inia nusu. Alivaa miwani, akaandika, akamwambia Pindo akafuate mkoba wake. Mlango ulipofungwa alisema, "Sita."

"Sita zinatosha," akasema mwalimu.

"Sikusema hazitoshi. Kutoa bado hajui."

"Najua. Nimeandika."

Alimpa karatasi ya majina matatu. Mbele ya jina la Pindo safu ya sababu sasa ilisomeka: *Alikuwa akihesabu nafasi badala ya vitu. Amejua tofauti. Kutoa: bado.* Mwalimu mkuu aliisoma, akalikata jina kwa mstari mmoja mwembamba, ili liendelee kusomeka.

"Na hawa wawili?"

"Mmoja nimemjua jana. Mwingine nipe wiki."

"Maswali yao ni kesho."

"Basi nipe wiki," mwalimu akarudia, na safari hii mwalimu mkuu ndiye aliyetazama pembeni.

Ijumaa, si ile ya kwanza bali iliyofuata, mwalimu alikwenda dukani kwa fundi kuchukua blauzi aliyoagiza. Haikuwa tayari. Ilikuwa mezani, bila vifungo, na fundi alikuwa ndiyo kwanza ameitia nukta.

"Dakika mbili," akasema bila haya. "Hapa. Moja, mbili, tatu, nne, tano." Akanyoosha mgongo. "Pindo, leta..."

Midomo yake ilitembea bila sauti, kama ya mtu anayejaribu meno mapya. Pindo alikuwa amekwisha kufungua kopo, anasubiri, hajageuka.

"Leta sita," fundi akasema.

Pindo akakiokota cha kwanza, akakifumba mkono wa kushoto akikiita moja, akahesabu vilivyobaki mpaka sita kwa mkono wa kulia, akaja. Mzee akaviweka juu ya nukta, kuanzia kola mpaka chini, na mara hii alivitaja kimoja kimoja, akianza na kile cha juu.